Mji Mkongwe wa Zanzibar: Mgeni Akilalamika, Ana Haki Kiasi Gani?

Malalamiko ya wageni wanaotembelea Mji Mkongwe yanafanana: mji umechakaa, papasi (vijana wa mitaani wanaojipachika kuwa waongozaji) hawabanduki, na jumba lenyewe walilolijia limefungwa. Wafanyabiashara ya utalii nao wana jibu lao la siku zote, kwamba mgeni hajui kutazama. Jibu hilo ni jepesi mno.

Chukua Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Jumba hili alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 halikosekani kwenye vipeperushi. Lilisalimika na mizinga ya Waingereza Agosti 1896, lakini tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katikati ya matengenezo, sehemu yake iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Kuendelea kuwavutia watu kwa picha ya zamani bila kuwaambia hali ilivyo si haki.

Mtaa wa Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa, kuna tatizo zito zaidi. Wageni huteremshwa kwenye vyumba vya chini vyenye giza, wakaambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo kabla ya kunadiwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na wamisionari baadaye, kwa ajili ya hospitali. Hesabu ya miaka haikubali. Na uongo huo hauna haja, kwa sababu penye ukweli ni hatua chache tu kutoka hapo: kanisa kuu la Kianglikana lililosimama juu ya kiwanja cha soko, na sanamu za watumwa waliofungwa minyororo shingoni ndani ya shimo, zilizowekwa mwaka 1998. Mgeni akigundua kwamba amedanganywa kuhusu vyumba, huanza kutilia shaka hata yaliyo kweli.

Kuhusu uchakavu, hapo mgeni anaona sawasawa lakini anakosea sababu. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haziendi mbali zaidi ya mita tatu hivi, vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Paa likivuja, chokaa hulainika, ncha za boriti zilizomo ukutani huoza, na sakafu ya juu huanza kubonyea. Fundi asiyejua hupiga lipu ya saruji ili nyumba ionekane mpya. Saruji haipitishi unyevu kama chokaa. Maji hubaki ndani, na baada ya misimu michache lipu hubanduka na vipande vya ukuta. Ongeza kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, zikagawiwa familia kadhaa kwa kodi ndogo isiyoweza kulipia matengenezo. Ukuta mchakavu wa mitaa kama Kiponda au Malindi una historia ndefu kuliko uzembe.

Tena UNESCO haikuorodhesha kasri moja kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Iliorodhesha mji mzima, pamoja na mitaa, misikiti, baraza (viti vya mawe vya kukalia mbele ya nyumba) na milango. Mwenye kutafuta kasri atatoka mikono mitupu. Mwenye kutazama milango ana kazi ya kutwa. Yenye kizingiti cha juu kilichonyooka ni ya mtindo wa Kiarabu wa zamani, yenye tao hapo juu ina mkono wa mafundi wa Kihindi. Misumari ya shaba, waongozaji husema, ilikuwa ya kuzuia tembo. Huko India labda, Unguja ni pambo tu.

Lakini hata mwenye jicho zuri hushindwa akiletwa vibaya. Basi la kutoka Nungwi, kwenye hoteli za ufukweni kaskazini, humfikisha mchana, jua la utosi, maduka mengine yamefungwa kwa ajili ya adhuhuri, na mzunguko wenyewe ni bustani ya Forodhani, Mkunazini, kisha Hurumzi kwenye maduka yanayouza vinyago vilevile vinavyouzwa Arusha. Atakayelala mjini na kutoka saa 1 asubuhi ataona watu wakinunua mikate na samaki kwenye soko la Darajani. Baada ya alasiri baraza hujaa. Ijumaa mchana na mwezi wa Ramadhani apange kwa uangalifu, na masika, Machi hadi Mei, vichochoro hutuama maji.

Mgeni huwaepuka papasi kwa kudai kitambulisho cha mwongozaji kabla ya kuanza kutembea, na kukubaliana bei na muda hapohapo. Forodhani usiku, aulize bei kwanza na ale kinachopikwa mbele yake: urojo, chapati ya mayai na nyama wanayoiita pizza, juisi ya miwa. Mishkaki ya pweza na kamba iliyopangwa mezani tangu magharibi hurudishwa motoni tu, na ndiyo inayoharibu matumbo ya watu.