Mapenzi ya mjini yaanze na kodi ya nyumba

Filamu nyingi za mapenzi na vichekesho zinazotengenezwa Afrika huufanya mji kuwa pambo. Droni inapita juu ya maghorofa, muziki unapanda, kisha tunaingizwa sebuleni kwenye masofa ya bei mbaya na hatutoki tena. Hadithi kama hiyo ungeihamishia kijijini isipungukiwe kitu.

Tazama Tell Me Sweet Something ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Akin Omotoso. Moratiwa (Nomzamo Mbatha) ana duka la vitabu linalosuasua huko Maboneng, Johannesburg, mtaa ambao maghala yake ya zamani yaligeuzwa kuwa studio za sanaa, migahawa na nyumba za kupanga. Nat (Maps Maponyane) ni mwanamitindo asiye na habari na vitabu. Duka hilo moja linawapa la kutaniana na la kugombania, bila mwandishi kuhitaji ajali ya gari wala mganga. Na kwa kuwa Maboneng ni mtaa wa kutembea kwa miguu, watu kukutana tena na tena si miujiza.

Sasa njoo Dar es Salaam. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mtilie kijana wa hadithi yako hela hiyo mfukoni, ndani ya bahasha, Ijumaa jioni, kisha Jumamosi mkalishe na binti anayempenda, mezani, mhudumu kasimama na kalamu. Binti anasema, "Mimi chochote tu." Mkono wa kijana unashuka mezani kwenda kuipapasa bahasha. Hapo watu wamecheka, na hakuna aliyeteleza kwenye ganda la ndizi. Kikwazo cha namna hiyo hakiondoki kwa simu ya dakika tano. Kama chako kinaondoka hivyo, kitupe.

Kwenye muswada, hesabu ukurasa mmoja kwa dakika moja. Ukiwa na kurasa 95, wapenzi wakutane kabla ya ukurasa wa 15, waachane karibu na wa 70. Wengi huwaachanisha kwenye wa 85, msamaha ukakosa nafasi, ukabaki hotuba ya haraka haraka uwanja wa ndege, mmoja akiwa anaondoka.

Siku ya kupiga picha, kumbukeni kwamba kichekesho hukaa usoni kwa anayesikiliza. Wawekeni wote wawili ndani ya fremu moja, na neno la mwisho likishatoka, subirini sekunde mbili. Mhariri mwenye pupa hukata papo hapo, mtazamaji akanyimwa muda wa kucheka.

Kinachoniuma zaidi ni sauti. Barabarani, maiki ya kamera haitoshi. Mbane kila mwigizaji maiki ndogo kifuani, chini ya nguo. Kabla ya kuhama, watu wote wanyamaze, mrekodi sekunde 30 za kelele za pale pale: bodaboda, muuza maji, upepo. Bila hizo, kila mkato utasikika kama redio inayozimwa na kuwashwa, na mhariri ataufunika kwa wimbo. Maneno matamu mliyoyaandika kwa miezi yatazama humo humo.