Gulliver angeteremka Wete angeulizwa kisigino gani

Juzi baada ya isha barazani kwetu hapa Wete, Pemba, maalim mmoja anayesomesha fasihi skuli akatoa kauli, ati waandishi wa safari za kubuni ni waoga tu, mtu ana lake la kumwambia mfalme badala ya kumwambia anabuni kisiwa cha mbali na viumbe vya ajabu alaf anajichimbia humo. Nimelala nalo neno hilo. Na kusema kweli kuna pahala kapatia.

Chukua kitabu cha Safari za Gulliver, kilitoka London 1726, Jonathan Swift hakuweka jina lake, kitabu kikaenda kama kimeandikwa na Lemuel Gulliver mwenyewe. Ndani yake kuna Lilliput, nchi ya vijitu, ambako ukitaka cheo unacheza juu ya uzi mbele ya mfalme, asiyeanguka ndo anapata, na anayeruka juu kuliko wote ni waziri Flimnap ambaye wasomaji wengi wanamuona ni Robert Walpole, mkubwa wa serikali ya Uingereza enzi hizo. Haya, Walpole kafanywa nini? Kakaa kwenye kiti mpaka 1742. Na kitabu chenyewe leo watu wanakijua kama hadithi ya watoto, jitu limefungwa kamba na vijitu, basi, sumu yote imemwagika njiani. Hapo maalim anashinda.

Ila huko huko Lilliput kuna vyama viwili, wa visigino virefu na wa visigino vifupi, na uhasama wao umefika hadi hawali pamoja hawanywi pamoja wala hawasemezani. Sie tulioishi Pemba baada ya uchaguzi wa 1995, CCM huku CUF kule, tukisoma pale tunatizamana tu, maana kuna watu walichaguana maduka, harusini hawendeani, hata maziko ikawa taabu, na wote ni ndugu na mtaa mmoja. Huyu Swift hakuwahi kuiona Mkoani wala Micheweni. Tena mrithi wa kiti cha Lilliput ati ana kisigino kimoja kirefu kimoja kifupi, anakwenda akichechemea. Ilipokuja serikali ya umoja wa kitaifa 2010, vyama vyote viwili ndani, nlimkumbuka yule mrithi nikacheka peke yangu (na si kwamba nliikataa, kuchechemea ni bora kuliko kukatana miguu).

Sasa ukikisema chama kwa jina lake utakumbukwa miaka mingapi? Ukisema visigino, vinavaliwa kila nchi.

Na hili la kujificha mie sikubaliani nalo, kujificha gani huku kila mtu anakuona? Mchapishaji wa Swift aliingia hofu akapunguza baadhi ya maneno. Kuna kipande cha mji wa Lindalino, ulioasi kile kisiwa kinachoelea angani, Laputa, ambacho kazi yake ni kwenda kukaa juu ya waasi kuwazibia jua na mvua, wenye mji wakajenga minara minne wakaweka sumaku juu na kisiwa kikaogopa kushuka. Wasomaji wanajua kuwa hapo inasemwa Dublin, mji wa Ireland iliyokuwa chini ya Uingereza. Kipande hicho hakikuchapwa mpaka 1899! Mafumbo yasiyomdhuru mtu hayafungiwi miaka yote hiyo. Sisi wenyewe tuna Giningi, kisiwa cha wachawi kisichokuwemo ramanini, na mtu akitajwa na Giningi kila aliyekaa pale anajua kinachosemwa.

Lakini nnavyoona mie uchungu wa hadithi hizi haupo kule ugenini, upo kwenye kurudi, na hapa ndo maalim kapasahau. Shaaban Robert katika Kusadikika, 1951, nchi yake nayo iko angani, na Karama akiwa kizimbani anajitetea kwa kusimulia wajumbe sita waliotumwa pande zote, mashariki, magharibi, mpaka mbinguni na ardhini, kila mmoja karudi na kheri aliyoiona huko na kila mmoja kaishia jela. Waliona vizuri wakavisema, kosa lao hilo. Gulliver yeye hakufungwa na mtu, katoka kwa farasi wenye akili karudi kwao, harufu ya mkewe na wanawe haiwezi tena, anaziba pua kwa tumbaku, pesa yake ya mwanzo kanunua farasi wawili na kila siku anakaa nao masaa manne bandani wakizungumza.