Kulia kwa Nani?

Fundi alitaka elfu hamsini ya kazi tu, spea mbali. Nikacheka. Nilikuwa nimekesha nikitazama video, nikajiona nimeshahitimu.

Gari langu, Toyota IST, lilikuwa likivuka tuta, shokapu za mbele zinapiga "ngo!" mpaka abiria wananipa pole. Nikavuka kwenda Gerezani, Kariakoo, nikachukua mtumba wa Japani, zikiwa na springi zake kabisa. Muuzaji akaziandika kwa rangi nyeupe, moja R, nyingine L. "Usizichanganye, bosi." Mimi? Nizichanganye?

Jumamosi saa tatu asubuhi nikapiga jeki, nikalaza tairi la akiba chini ya gari, nikavua shati. Kwenye video hakuna aliyevua shati. Mama mkwe, aliyekuja toka Tanga kwa harusi ya jioni hiyo, alikuwa barazani anachambua mchele.

Bolti za gari la Kigamboni zimeshiba chumvi ya bahari. Nikazipuliza dawa ya kutu, nikachomeka bomba kwenye spana, nikalikalia. Bolti haikustuka. Bomba likachomoka, nami nikatua kwenye beseni la nguo alizoloweka mke wangu.

"Pole, baba," akasema mama mkwe, macho hayajatoka kwenye ungo.

Kufika saa nane shokapu zote mbili zimekaa. Ikabaki kufunga paipu ya breki, na paipu haifiki! Kishikizo chake kimegeukia upande mwingine kabisa. Nikaivuta, nikaibembeleza. Nikahamia gurudumu la pili, yale yale. Nikampigia muuzaji, nikafoka: "Umeniuzia za gari gani? R nimeweka kulia, L kushoto!"

Mama mkwe akaacha kupepeta.

"Baba Nasra, hiyo kulia, ni kulia kwako au kwa dereva?"

Nikajitazama nilivyosimama. Nilikuwa mbele ya gari, tumeelekeana uso kwa uso kama watu wanaotaka kupeana mkono. Kulia kwangu ndiyo kushoto kwake. Nikakata simu bila kuaga. Kulia niliyobaki nayo ilikuwa ya machozi.

Saa kumi mama mkwe na mke wangu wakapanda bajaji kwenda harusini na manukato yao, mimi nafungua upya bolti zile zile.

Walirudi saa nne usiku, nikiwa chini ya gari na simu nimeing'ata meno, ndiyo tochi. Mama mkwe akainama, akasukuma sahani ya pilau karibu na bega langu.

"Iko kulia, baba. Kulia kwako wewe."