MRI ya tezi dume: utaratibu mmoja kwa wote, au kila mgonjwa na wake?

Mwanamume ambaye PSA yake (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) imepanda kwa mara ya kwanza, na mwingine aliyekwisha kutibiwa kwa mionzi na sasa PSA yake inaanza kupanda upya, wanaweza kuandikiwa kipimo chenye jina lile lile, MRI, yaani picha zinazopigwa kwa nguvu ya sumaku, ingawa maswali ya madaktari wao hayafanani hata kidogo.

MRI kamili ya tezi dume ina mafungu matatu ya picha: kwanza zile ziitwazo T2, zinazoonyesha umbile la tezi; pili zinazopima jinsi molekuli za maji zinavyotembea ndani ya tishu; na tatu zinazopigwa baada ya mgonjwa kudungwa dawa ya gadoliniamu, inayozifanya tishu zilizoinyonya zing'ae pichani. Ubishi uko kwenye fungu hili la tatu. Wanaotaka liachwe kwa wagonjwa wengi wana hoja nzito. Utafiti wa PRIME, uliochapishwa mwaka 2025, ulihusisha wanaume 490 ambao hawakuwa wamewahi kufanyiwa biopsi, yaani kuchukuliwa vipande vya tezi ili vichunguzwe, na saratani zenye uzito wa kitabibu ziligunduliwa kwa takriban asilimia 29 yao, iwe dawa ilitumika au haikutumika. Bila sindano, kipimo huchukua muda mfupi zaidi, na mwenye figo dhaifu huepushwa na wasiwasi usio wa lazima.

Hata hivyo, matokeo hayo yalipatikana kwenye vituo ambavyo ubora wa picha zake ulikaguliwa kwanza, na hapo ndipo ninapoona watetezi wa kipimo kifupi wanapita haraka mno. Nyonga bandia ya chuma huvuruga vibaya picha za mtembeo wa maji, na zikivurugika, picha za dawa ndizo hubaki tegemeo. Kwa aliyetibiwa kwa mionzi hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa tezi nzima husinyaa na kuwa nyeusi kwenye T2, hivyo uvimbe uliorudi hujificha humo, na mara nyingi kinachoufichua ni kasi yake ya kunyonya dawa.

Wanaotetea utaratibu mmoja husema, na si uongo, kwamba picha zilizopigwa kwa namna moja hulinganishwa kwa urahisi mwaka hadi mwaka, jambo lenye thamani kubwa kwa mgonjwa anayefuatiliwa bila kutibiwa. Lakini hoja hiyo inadai picha za mgonjwa huyo zifanane na zake za awali. Haidai zifanane na za kila mtu.

Ninachokipendelea ni kuanza na kipimo kifupi kwa asiyewahi kutibiwa, daktari wa radiolojia akizitazama picha mgonjwa angali mezani, ili dawa idungwe pale tu zinapokuwa na dosari au doa lenye utata. Pasipo daktari karibu, baadhi ya wagonjwa watalazimika kuitwa tena, na usumbufu huo si mdogo kwa anayesubiri jibu la saratani. Bado naona ni afadhali waitwe hao wachache kuliko wote kudungwa.