Pilipili Tusizozila

Mume wangu ni mtu wa bandarini hapa Kigoma, na tangu tuoane kazi yake ya jikoni imekuwa moja tu: akitoka Kibirizi na migebuka huipaa magamba, huitoa matumbo, hunikabidhi beseni na kwenda zake barazani kusubiri. Sina malalamiko juu ya mgawanyo huo. Kwa hiyo alipotangaza kwamba chakula cha baba yangu, aliyekuwa anakuja kutoka Kasulu kuwaona wajukuu, atakiandaa yeye mwenyewe, nilidhani ana maana ya kwenda kununua mishikaki barabarani. Hapana. Alinionyesha simu, na ndani ya simu alikuwamo mama mmoja wa Kimarekani, mwenye jiko kubwa kuliko sebule yetu, anapasua pilipili za kijani ubavuni, anazikomba, anazijaza jibini, anazipanga kwenye trei na kuzisukumiza ndani ya oveni. Zilipoiva aling'ata moja, na jibini ikavutika nyuzi nyuzi hadi ikamkatikia kidevuni. Mume wangu alikirudia kipande hicho mara nyingi kuliko anavyorudia magoli ya mpira.

Pilipili za mama yule ni halapenyo, zilizopata jina lake kutoka mji wa Xalapa huko Meksiko, na katika soko la Mwanga siku ile hatukuziona. Pilipili hoho zilikuwapo, nami nilizipendekeza, lakini mume wangu alisema kuwa hoho ni mboga ya wagonjwa. Pilipili kichaa alizikataa kwa sababu ni nyembamba mno, hazina mahali pa kutia hata punje ya mchele. Zikabaki pilipili mbuzi, zimepangwa mafungu mafungu juu ya meza ya mbao, za njano, nyekundu na kijani, zenye mikunjo na harufu tamu inayomlaghai mtu, kila moja ikiwa na tumbo la kutosha kupokea kijiko cha jibini. “Hizi ndizo,” akasema, akaanza kukusanya mafungu. Mama muuzaji, ambaye amezoea kuwaona watu wakinunua pilipili moja au mbili za kutia harufu kwenye sufuria la familia nzima, alimwuliza kwa upole kama amefungua mgahawa.

Mimi ni mwalimu wa kemia, na sikuona sababu ya kunyamaza. Nilimweleza palepale sokoni kwamba mwaka 1912 mfamasia wa Kimarekani, Wilbur Scoville, alibuni njia ya kupima ukali wa pilipili kwa kuizimua dondoo yake katika maji yenye sukari mpaka ndimi za waonjaji zisihisi tena muwasho. Kadiri inavyohitaji kuzimuliwa zaidi, ndivyo namba yake inavyokuwa kubwa. Halapenyo hupata kati ya 2,500 na 8,000. Pilipili mbuzi ni ndugu wa habanero, na ukoo huo hupata kati ya 100,000 na 350,000, kwa hiyo iliyo pole kabisa katika mafungu yale ilikuwa inaipita iliyo kali kabisa ya mama wa kwenye simu kwa zaidi ya mara 10. Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote, kisha akasema, “Hizo ni hesabu za maabara, mama watoto. Mimi nimekulia Ujiji.”

Jibini nilimtengenezea mimi, kwa kuwa ile ya dukani inauzwa kipande kidogo kwa bei ya kuku. Nilichukua maziwa yote ya siku ile, nikayachemsha, nikakamulia ndimu mpaka yakakatika, nikayachuja kwa kitambaa safi na kukining'iniza juu ya bakuli mpaka maji yakaisha. Mabonge niliyatia chumvi kidogo na kitunguu saumu, na nisijisifu, lakini yalikuwa matamu.

Kazi ya kupasua na kukomba akaifanya yeye. Nilimtafutia kitu cha kuvaa mikononi nisikipate. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, na ingawa ninaiunga mkono sera hiyo kwa dhati, asubuhi ile ningelipa chochote kwa mifuko miwili ya rambo. Alikaa juu ya kigoda, akazichana pilipili moja baada ya nyingine kwa kisu kidogo, akazikwangua kwa mpini wa kijiko, na ule utando mweupe unaoshikilia mbegu akaurundika juu ya gazeti kuukuu. Watu wengi husema ukali wa pilipili umo katika mbegu. Kwa kweli umo katika utando ule, na mbegu huambukizwa tu kwa kukaa jirani nao. Rundo lililokuwa juu ya gazeti, kwa maneno mengine, lilikuwa ndiyo pilipili yenyewe. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa makopo tu. Alizijaza jibini, akazipanga ndani ya sufuria pana lililopakwa mafuta, akafunika, na kwa kuwa oveni hatuna, akatia makaa chini na juu ya mfuniko kama tunavyooka keki. Kisha akamwita mdogo wake, ambaye ni shemeji yangu na kijana msafi kupita kiasi, aje kuusimamia moto.

Hapo ndipo baba alipobisha hodi, saa nzima kabla ya wakati aliotuambia.

Mume wangu alisuuza mikono kwa maji ya kwenye ndoo, akakimbilia mlangoni. Sasa, kapsaisini, ambayo ndiyo inayowasha katika pilipili, haiyeyuki katika maji. Ukiisuuza kwa maji matupu unaitandaza tu ienee vizuri. Na baba yangu, kama wazee wengi wa Kiha, hasalimii kwa haraka. Aliishika mikono yote miwili ya mkwewe, akaipapasa hadi viwikoni, akaishika upya, akauliza habari za watoto, za kazi, za wazazi wa Ujiji, za jirani aliyevunjika mguu, za ziwa na za bei ya dagaa, na kila jibu likazaa swali, na mkwe mwenye adabu hawezi kumnyang'anya mzee mikono. Nilikuwa nyuma nimebeba kigoda, nikiitazama mikono ile minne inavyosuguana. Baba aliporidhika alivua kofia yake, akalifuta jasho la safari kwa kiganja, kuanzia kwenye paji la uso, taratibu, hadi chini ya macho.

Alianza kuuliza habari ya mvua, akasita. Jicho la kulia lilijifunga lenyewe. La kushoto lilibaki wazi likimtazama mume wangu kwa mshangao, likajaa machozi pole pole mpaka tone likatiririka na kupotelea kwenye ndevu nyeupe. “Mkwe wangu,” akasema kwa sauti ya mtu anayejitahidi kutomkosea mwenyeji, “hapa kwenu kunavuma upepo wa namna gani?”

Nilimkalisha baba na kuanza kumwosha macho kwa maji mengi safi, ambayo hayaiyeyushi kapsaisini lakini kwa jicho hayana mbadala. Mume wangu, kwa fadhaa, alielekea msalani. Yaliyompata huko adabu hainiruhusu kuyaandika; niseme tu kwamba alirudi akitembea kwa hatua pana, hana la kumwambia mtu yeyote. Nilichukua kidumu cha mawese, nikawamiminia wote wawili viganjani na kuwaamuru wasugue hadi katikati ya vidole, kwa sababu kapsaisini huyeyuka katika mafuta, kisha ndipo nikawapa sabuni ya kipande. Mikono iligeuka rangi ya chungwa, lakini ilipoa. Ningekuwa na la kuwaambia wapishi wa kwenye simu, ningewaambia waje Kigoma kuchukua mawese kabla hawajashika kisu.

Mambo yangeweza kuishia hapo. Lakini shemeji yangu, huko nyuma, alikuwa anafanya usafi. Aliliona gazeti lile na rundo lake la utando na mbegu, akaona ni taka kama maganda ya kitunguu, akalikunja kwa uangalifu na kulitupa juu ya makaa.

Moshi wake hauna rangi ya kumwonya mtu. Uliingia kupitia dirisha la jikoni, ukapita ukumbini, na cha kwanza tulichosikia ni shemeji mwenyewe akikohoa kikohozi cha mtu wa miaka themanini. Kisha kooni mwangu kukawa kama kuna msasa. Kisha watoto wakatoka chumbani mbio, wamejishika shingo, wakipiga kelele, “Moto! Moto!” Nyumba nzima ikamwagika nje, baba akiongozwa mkono na mume wangu, mmoja haoni na mwingine hatembei sawasawa, na majirani waliosikia neno hilo wakaja na ndoo za maji, wakaikaribia nyumba kwa ushujaa, wakavuta pumzi moja na kurudi nyuma wakipiga chafya. Kisayansi watoto hawakusema uongo: mishipa ya fahamu inayoipokea kapsaisini ina mlango uleule unaolipokea joto linalopita nyuzi 43, na David Julius, aliyeugundua mlango huo kwa kutumia pilipili, aligawana Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2021 kwa kazi ya aina hiyo. Ubongo unaambiwa kuwa mwili unaungua, nao unaamini. Sikupata nafasi ya kulieleza hilo. Mama jirani, mwenye ukuta mmoja nasi, alikuwa amekwisha kuniwahi, machozi yanamtoka, ukingo wa khanga uko puani. “Mwalimu,” akasema, “wahenga walisema pilipili usiyoila yakuwashiani. Mimi hizi zenu hata sijaziona!”

Mtu mmoja katika kundi lile alipaza sauti kwamba wapewe maziwa, maziwa ndiyo dawa. Alikuwa sahihi kabisa. Maziwa yana protini iitwayo kasini, ambayo huikamata kapsaisini na kuiondoa kinywani na kooni, na jibini ni kasini iliyokusanywa pamoja. Maziwa yetu yote, hata hivyo, nilikuwa nimeyakatisha kwa ndimu asubuhi, na dawa yote ilikuwa imeshindiliwa ndani ya sumu na kuwekewa makaa juu. Yalibaki yale maji ya kuchuja, yasiyo na kasini ya maana, ambayo niliwagawia watoto kwenye vikombe kwa ajili ya kuwatuliza tu.

Wakati huo mume wangu alikuwa na msiba wa peke yake. Alijifunga taulo lililolowa usoni, akaingia na kutoka na sufuria, akalifunua uani mbele ya watu wote na kuzimimina pilipili kwenye sinia. Zilikuwa zimeiva vizuri, ngozi imekunjamana na kubabuka kidogo, na ndani yake jibini ilikuwa nyeupe, ngumu, vilevile nilivyoitia chumvi. Aliivuta kwa uma. Haikutoa uzi hata mmoja. “Mbona haiyeyuki?” akaniuliza, macho mekundu, kamasi zinamtoka. Nilimweleza kwamba jibini iliyokatishwa kwa ndimu na moto haiyeyuki hata ukiiweka kwenye tanuri la matofali, na kwamba angeniuliza mapema ningemwambia. Hakujibu. Tulimpeleka baba upande wa mbele kumwosha tena macho, na sinia likabaki uani bila mlinzi.

Tulirudi kwa kusikia ukelele wa mama jirani. Kuku wake walikuwa wamelizunguka sinia, na katikati amesimama jogoo wake mwekundu, anang'oa jibini, anameza, anapasua pilipili, anameza na mbegu zilizosalia, wala hakupepesa jicho. Nilimhakikishia mama huyo kwamba ndege hawahisi kapsaisini hata kidogo, kwamba mlango ule wa joto kwao haufunguki kwa pilipili, na kwamba kwa asili ndege ndio wanaozisambazia pilipili mbegu, kwa kuwa hawazitafuni kama wanyama. Aliniangalia kwa jicho la mtu aliyechoka na elimu. Alikwenda kwake, akarudi na kisu na kigoda, akaketi akimkodolea macho jogoo wake ili akianza kulegea tu amuwahi, asije akafa kibudu. Aliketi pale muda mrefu. Jogoo alikunywa maji, akajikung'uta, akapanda juu ya ukuta na kuwika.

Nyumba ilipopumua tuliingia kula. Tangu alfajiri nilikuwa nimeunga migebuka kwa mawese na kutwanga sombe, yaani kisamvu, kwa kuwa nimemzoea mume wangu, na kilichobaki kilikuwa kusonga ugali wa muhogo tu. Baba alinawa, akakaa mkekani, jicho moja limevimba na lingine likiwa wazi kiasi cha kuona bakuli. Alimega tonge, akachovya, akatafuna, akatafuna tena, akawatazama watu wote mkekani kwa zamu.

“Samaki ni mzuri, mwanangu,” akasema. “Ila pilipili sijaionja. Hamna hata kidogo?”

Mume wangu alitaka kuinuka, nikamshika shati. Mwanangu wa mwisho ndiye aliyejibu, mdomo umejaa ugali, akinyoosha kidole kuelekea ukutani.

“Ilikuwepo, babu. Jogoo kamaliza.”