Koyote, mbwa wa jirani na sahani niliyoiweka nje

Ilikuwa Februari, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Jirani yangu alifungua mlango wa nyuma mbwa wake mdogo atoke kukojoa. Jirani huyu ni mama wa Kikongo kutoka Bukavu, na tunaishi ukuta kwa ukuta katika kitongoji cha kaunti ya Cook, magharibi mwa Chicago. Mimi nilikuwa nakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Kando ya banda lake la vifaa alisimama mnyama wa kijivu mwenye wekundu wa mbali mgongoni, masikio wima, mkia chini. Nikampigia mama kelele kwamba kuna mbwa wa mtu amepotea. "Ndugu, ile haiko mbwa," akasema, na papo hapo akatimua mbio na koleo la theluji. Alimkuta mbwa wake keshashikwa shingo. Mnyama yule alikuwa koyote, aina ya mbwa wa mwituni wa huku. Alimwachia, lakini mbwa wa kilo nne hana mwili wa kuhimili meno yale. Alikufa mchana wa siku ile kwa daktari wa mifugo.

Kulipopambazuka vizuri niliziona nyayo. Zilitoka nyuma ya nyumba yangu, kwenye sahani ambayo mimi na mke wangu tulikuwa tukimwekea paka mmoja asiye na mwenyewe, zikaenda moja kwa moja hadi uani kwa jirani. Mwezi mzima tulikuwa tukiijaza: ngozi ya kuku, mifupa ya samaki, ukoko wa ugali. Kwetu Voi, paka akilia mlangoni hupewa. Hatukujua kwamba kuna mwingine anayekula usiku.

Tangu siku ile mtaa umegawanyika. Upande mmoja unataka wategaji waitwe, koyote wote waondolewe. Upande wa pili unasema hawa ni wanyama wa hapa, tujifunze kuishi nao. Nimewasikiliza wote, na kila upande una neno la kweli ambalo mwenzake hataki kulisikia.

Kwa aliye nyumbani asiyemjua, koyote ni jamaa ya bweha na mbwa mwitu. Wa maeneo haya huwa na kilo kati ya 11 na 16, uzito wa mbwa koko wa kawaida, ingawa manyoya ya baridi humfanya aonekane mkubwa zaidi. Zamani aliishi hasa nyika za magharibi na katikati ya bara hili. Wazungu walipowamaliza mbwa mwitu, nafasi ikabaki wazi, naye akaijaza. Leo yuko katika kila jimbo la Marekani isipokuwa Hawaii.

Wanaomtetea wana hoja nzito, na nyingi zimetoka kaunti hii hii. Mwaka 2000 mtafiti Stanley Gehrt wa Chuo Kikuu cha Ohio State alianza kuwavisha koyote wa Cook kola za redio za kufuatilia nyendo zao, kazi iliyokusudiwa ichukue mwaka mmoja tu. Inaendelea hadi leo, na waliokwisha kukamatwa na kuwekewa alama wamepita 1,000. Katika kazi hiyo vilichambuliwa vinyesi 1,429. Asilimia 42 vilikuwa na mabaki ya panya na jamii yao, 23 matunda, 22 kulungu, 18 sungura. Kinyesi kimoja huweza kuwa na zaidi ya kitu kimoja. Vyenye mabaki ya paka vilikuwa asilimia 1.3. Isitoshe, koyote hula mayai ya mabata bukini wa Kanada, ndege ambao wameshakuwa kero katika kila bustani yenye bwawa. Kwa binadamu, kumbukumbu za Marekani na Kanada zina vifo viwili tu: mtoto wa miaka mitatu huko Glendale, California, mwaka 1981, na binti wa miaka 19 katika hifadhi moja ya Nova Scotia, Kanada, mwaka 2009. Mbwa wa kufugwa huua watu wengi kuliko hao kila mwaka.

Tena kuwaua hakuleti kile ambacho watu wanakitarajia. Koyote huishi kwa jozi zenye eneo lao, na pembeni kuna wapweke wengi wanaozurura wakitafuta pa kukaa. Ukiwaua wenye eneo, wapweke huingia. Chakula kikiwa tele na washindani wachache, majike huanza kuzaa mapema na watoto wengi zaidi hupona. Mwaka 1975 Connolly na Longhurst wa Chuo Kikuu cha California walipiga hesabu wakaona kwamba kuwamaliza kungehitaji kuua asilimia 75 yao kila mwaka, kwa nusu karne. Hakuna kitongoji chenye fedha hizo, wala kinachotaka mitego kando ya uwanja wa watoto.

Hata hivyo, siwezi kwenda kwa yule mama nikamtajia asilimia 1.3. Takwimu hiyo ni ya Chicago, na haisafiri. Huko Los Angeles, utafiti wa Idara ya Hifadhi za Taifa ulikuta mabaki ya paka katika kinyesi kimoja kati ya kila vitano vya koyote wa mjini. Mnyama ni yule yule, lakini jiji lingine limemfundisha chakula kingine. Ndiyo maana simlaumu anayesikia "tuishi nao" akaona ni maneno ya watu wasio na mbwa.

Mfano unaonifikirisha zaidi ni wa Stanley Park, bustani ya jiji la Vancouver, Kanada. Kati ya Desemba 2020 na Agosti 2021 watu wapatao 45 walishambuliwa na koyote katika bustani hiyo moja, watoto wakiwamo. Watu walikuwa wakiwalisha, wengine ili wapate picha nzuri. Serikali ya jimbo iliishia kuwaua koyote 11 mwaka ule. Wapo waliolia, na ninawaelewa. Lakini koyote aliyekwisha kuzoea kuchukua chakula mkononi mwa mtu hatishiki tena kwa kelele za filimbi wala za sufuria, na kumhamisha ni kumpelekea mwenzako tatizo lako. Hapo kuua ni sahihi, mradi anauawa aliyethibitika kuwa hatari na si kila mwenye mkia. Naona mji mdogo wa Nahant, Massachusetts, ambao bodi yake ilipiga kura Desemba 2022 kuwaita wadunguaji wa serikali kuu, haukuwa na roho mbaya. Watu walikuwa wamechoka kuzika mbwa. Ninachohofia ni kwamba bila kubadilisha kinachowavuta, risasi zitahitajika tena.

Kwa maoni yangu kosa la wanaohubiri kuishi pamoja ni kulifanya jambo hili la kila mtu na nyumba yake. Ushauri wao ni mzuri na nimeufuata wote. Paka analala ndani, jambo lililokuwa gumu kwangu niliyekulia mahali ambapo paka ni wa kukamata panya na mbwa hulala nje kulinda nyumba. Mbwa mdogo hatoki peke yake alfajiri wala magharibi, na kamba yake iwe fupi, isizidi mita mbili, si ile inayojivuta na kurefuka. Uzio uwe na urefu wa kama mita 1.8, na juu yake bomba linalozunguka ili mnyama akidandia ateleze. Matunda yaliyoanguka yaokotwe. Punje za ndege zisiachwe chini, maana huleta panya, na panya humleta koyote. Ukimwona, usimpe mgongo wala usikimbie. Simama, inua mikono, piga kelele, mrushie kitu hadi aondoke kabisa.

Jirani yangu alikuwa akifanya karibu yote hayo. Pipa lake la taka lina mfuniko wa kufunga, chakula cha mbwa hukiweka jikoni, na uani kwake huwezi kuokota hata punje moja ya mchele. Aliyemponza ni mimi. Ndiyo maana nasema kumlisha koyote, kwa kukusudia au kwa uzembe, lazima kuwe kosa lenye faini inayotozwa kweli, kama bodi ya bustani za Vancouver ilivyoweka faini ya dola 500 za Kanada baada ya yale ya Stanley Park. Wenzangu wanaona ni ukali kumtoza faini mtu aliyemhurumia paka. Mimi nilimhurumia paka, na mbwa wa mwenzangu akafa. Kama karatasi ya onyo ingebandikwa mlangoni kwangu mwezi Januari, sahani ile ingeondoka siku hiyo hiyo.

Nilikwenda kwa jirani kumwambia ukweli kuhusu sahani. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akanikaribisha chai. Sasa ni Aprili, majira ya koyote kuzaa, wakati ambao dume na jike huwa wakali kwa mbwa yeyote anayekaribia pango lao, hata mkubwa. Usiku tunawasikia wakilia upande wa reli. Nyumba ya tatu kutoka kwetu bado kuna bakuli la samaki wa kopo barazani kila jioni. Tumekwenda mara mbili, mimi na mama, na ombi letu la faini litasomwa kwenye kikao cha kitongoji Jumanne ijayo.