Bordeaux ya laki nne: mi nalipia iliyokwisha kutua

Jumanne jamaa mmoja wa Dar anayeagiza waini kutoka nje alinitumia ofa kwenye WhatsApp, boksi la chupa sita za waini ya Bordeaux kule Ufaransa, za eneo la Pauillac, mvuno wa 2016, milioni mbili na laki nne, nilipe nusu sasa hivi na mzigo ufike baada ya miezi minne. Kwa chini kabisa ameandika kwamba bei inaweza kubadilika kulingana na ushuru wa siku mzigo unapotolewa bandarini. Nusu saa haijaisha kapiga simu, mama Neema lipia mapema, huoni Trump anavyopandisha ushuru, ukichelewa utalia.

Neema wetu kazaliwa 2016 na jamaa analijua hilo, ndo maana kanitafutia mwaka huo. Mimi na baba yake tulishakubaliana kitambo kwamba siku akifikisha miaka 18 tutafungua chupa ya umri wake, na bahati nzuri 2016 ulikuwa mwaka mzuri sana kule Bordeaux, zile nzuri zinakaa miaka 20 na zaidi bila shida. Mume wangu ni mtu wa Mbozi, kahawa ndo maisha yake, aliposikia laki nne kwa chupa akaniuliza hiyo si mifuko mitano ya mbolea? Ni kweli, sibishi. Ndo maana nasema hela kama hiyo ikitoka itoke tumekaa tukafikiri, isitoke kwa kutishwa kwenye simu.

Tuanze na hilo la Trump. Ushuru wa Marekani anaulipa muagizaji wa Marekani mzigo ukiingia Marekani, kontena linalotoka Ufaransa kuja Dar halihusiki hata kidogo. Na ukiangalia vizuri, fujo ile inasukuma bei upande mwingine kabisa. Machi 2025 ilitajwa asilimia 200 kwa waini ya Ulaya, Aprili ikawa 20, siku chache ikashushwa 10, Mei ikatajwa 50, Julai 30, mwishoni mwa Julai wakakubaliana 15. Namba sita ndani ya miezi mitano, sasa wewe ungekuwa unaagiza makontena New York ungefanyaje? Unasimamisha kwanza. Na Marekani ni mteja mkubwa mno wa Bordeaux, akisita yeye wenye mzigo wanatafuta wanunuzi kwingine na bei inalegea, tena wakati huo huo China nayo ilishapunguza kununua. Mvuno wa 2024 ulipotangazwa sokoni mwaka 2025 mashamba mengi makubwa yalishusha bei. Wakulima wadogo wa kule hali ni mbaya zaidi, maelfu ya hekta za mizabibu zimeng'olewa na serikali yao inawalipa wang'oe. Hilo la kung'oa lilinigusa sana, maana hata huku kwetu Mbeya tumeshuhudia watu waking'oa mibuni waliyoachiwa na wazee wao ili wapande parachichi, na anayeng'oa huwa haongei siku hiyo.

Kwa hiyo anayekwambia nunua haraka Bordeaux inapanda kwa sababu ya Trump, mwambie akuelezee inapandaje.

Hatari ipo kweli ila imekaa pengine, na mimi niliielewa kwa shemeji yangu wa Houston, Marekani. Mwaka 2017 alilipia boksi la hiyo hiyo 2016 waini ikiwa bado ipo kwenye mapipa. Kule Bordeaux ndo utaratibu wao, kila mwaka mwezi wa nne hivi wafanyabiashara wanaenda kuonja mvuno wa mwaka uliopita, mashamba yanatangaza bei, wewe unalipa halafu unasubiri kama miaka miwili ndo upate chupa. Wahaya wana neno lao, butura, kuuza kahawa ikiwa bado maua mtini, na kwenye butura anayeumia ni mkulima maana anauza kwa shida. Hii ya Bordeaux naiona ni butura iliyopinduliwa, mwenye shamba ndo anapanga bei, anakaa na hela yako miaka miwili, na lolote likitokea katikati ni lako wewe uliyelipa.

Basi Oktoba 2019 Marekani wakaweka asilimia 25 kwenye waini ya Ufaransa kwa ugomvi wa ruzuku za ndege za Airbus, ila waliigusa ile isiyozidi asilimia 14 za kilevi. Boksi la shemeji lilitua Desemba. Kwenye lebo imeandikwa 13.5. Aliyemuuzia akamletea bili ya nyongeza, na rafiki yake ambaye chupa zake zilisoma 14.5 hakulipa hata senti. Ushuru wenyewe ukaja kusimamishwa Machi 2021, wakati huo yeye alishalipa na kusahau. Ushuru hauangalii siku uliyotoa hela, unaangalia siku mzigo unaingia nchini.

Sasa rudi kwenye meseji ya jamaa wangu wa Dar. Hapa kwetu chupa ikifika unapigwa ushuru wa forodha juu ya bei pamoja na usafiri na bima, unakuja ushuru wa bidhaa unaohesabiwa kwa lita, halafu VAT asilimia 18 juu ya hayo yote kwa pamoja, kwa hiyo kikiguswa kimoja hapo chini hadi VAT inavimba. Bajeti inasomwa Juni na mabadiliko mengi yanaanza tarehe 1 Julai, na miezi minne yake inavuka hapo hapo. Kuna na kupanda na kushuka kwa shilingi mbele ya euro. Watu wa mpakani, Kasumulu na Tunduma, wala hawahitaji kuelezwa mambo yanavyogeuka, Aprili 2025 serikali yetu ilizuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, baada ya siku chache ikaruhusu tena, na nyanya haisubiri siku chache. Ule mstari wa chini kwenye ofa maana yake yote haya nabeba mimi, na nusu ya hela ameshaishika yeye.

Na kuna jambo linaloniuma kuliko ushuru. Miaka miwili iliyopita nilinunua Bordeaux ya laki mbili kwenye duka moja Dar, nikaja nayo mpaka Mbeya nimeipakata kwenye basi. Siku ya kuifungua nabandua ile karatasi ya shingoni nakuta kizibo kimepanda kimepita mdomo wa chupa, pembeni kuna mchirizi umekauka unanata kama asali. Kuionja, zabibu kavu zilizochemshwa. Ilishapikwa na joto kabla sijaigusa, labda kwenye kontena, labda dirishani pale dukani, na nani ungemdai? Hapa nyumbani mtaa wa Forest stoo yangu Juni inasoma nyuzi 15 bila mashine yoyote, baridi letu hili tunalolilalamikia ndo waini inalitaka, ila baridi ya Mbeya haiwezi kuponya kilichoungua Dar.

Kwa hiyo sitalipa ile milioni na laki mbili ya kutanguliza. Bora nitoe laki nne na nusu, hata laki tano, kwa chupa moja ambayo ipo ndani ya nchi tayari, imeshalipiwa kila kitu, ina stempu ya TRA, nami nimeishika mkononi nikaiangalia. Hiyo laki nitakayozidisha naona ni bei halali ya kulala usingizi. Chupa sita tulikuwa tunazitaka za nini hata hivyo, mtoto ni mmoja.

Jamaa nimemjibu jana usiku. Nimemwambia alete mzigo wake kwa hela yake, ukishatua anitumie picha ya stempu, picha ya shingo ya chupa nione waini imefika wapi na kizibo kimekaaje, na aniambie imehifadhiwa chumba gani, hapo nitapanda basi kuja kuchukua moja. Ameisoma, bado hajajibu.